Zawose alipewa kazi, wazee wetu wanapewa soda

Najua nimepotea wiki mbili tatu hivi, mtanisamehe. Kazi za mikoani mnazijua. Leo uko Vwawa kwenye kikao, kesho uko Tunduma unaandika habari za foleni ya malori (habari ambayo nadhani nimeshaiandika mara ishirini), keshokutwa unatakiwa Ileje. Ila leo nimekaa chini kwa sababu kuna jambo linanikera, na linanikera zaidi kwa kuwa mimi mwenyewe nimo ndani yake.

Miezi kadhaa iliyopita palikuwa na ziara ya kiongozi hapa Tunduma. Sitamtaja yeye wala ofisi iliyoandaa mapokezi, maana hilo si la ofisi moja, mnaosoma hapa mmeona haya haya Mbeya, Sumbawanga, Kigoma na kwingineko. Vikundi vya ngoma viliambiwa vifike saa mbili asubuhi. Msafara ukafika saa tisa kasoro alasiri. Hesabu mwenyewe ni saa ngapi hizo juani, tena wengi wao ni watu wazima waliovaa njuga miguuni na hawajala kitu. Msafara ulipofika ngoma zikapigwa kama dakika tano hivi. Mgeni akapunga mkono, akacheza hatua mbili, kamera zikapiga picha, mshereheshaji akasema makofi kwao jamani, basi. Wakaondolewa mbele ili hotuba zianze.

Kikundi kimojawapo kilikuwa kinaongozwa na mzee mmoja wa Kinyamwanga, umri umepita miaka 70. Mzee huyu ni mwimbaji. Siyo mwimbaji wa kuitikia, ni yule anayeanzisha, anayetunga palepale, anayeweza kumchomekea jina lako na la baba yako kwenye wimbo kabla hujakaa vizuri kwenye benchi. Baba yake alikuwa mwimbaji. Mama yake ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo za wanawake kwenye harusi na misiba pale kijijini kwao. Shangazi zake vivyo hivyo. Kwa kifupi ni ukoo wa watu wa ngoma, na kila mtu kule anajua hivyo.

Shughuli ilipoisha, sisi waandishi tuliitwa pembeni tukasaini karatasi ya nauli. Mnajua mambo ya karatasi ya nauli. Mimi niliyetoka mjini kwa bodaboda, dakika kumi tu, nikasaini na kupokea changu. Kikundi cha mzee yule kilipewa kreti mbili za soda.

Nikaenda kuandika habari yangu. Ilitoka, aya kumi na moja. Kiongozi alisema, kiongozi aliagiza, kiongozi alisisitiza. Mwishoni kabisa nikaweka sentensi moja kwamba mkutano ulitanguliwa na burudani kutoka kikundi cha ngoma za asili. Nilijiona nimefanya jambo la maana kuwataja.

Siku mbili baadaye nikakutana na mzee karibu na soko. Nikamwamkia, shikamoo babu. Akaitikia, marahaba mjukuu wangu, gazeti nimelinunua, nimemwomba mtoto wa jirani anisomee mara mbili. Jina langu halimo. Au mtoto hakuliona?

Nikamwambia nafasi gazetini huwa ndogo, babu.

Akaniuliza, kwani jina langu ni refu?

Jamani, sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Usiku ule ndipo nikamkumbuka marehemu Hukwe Zawose. Nilipokuwa chuo, chumba cha jirani alikaa kijana wa Dodoma aliyekuwa na nyimbo zake kwenye simu, akawa anazipiga kila Jumapili asubuhi akifua. Sisi wengine tulimtania sana. Tulikuwa tunamwambia mwenzetu leo unaita mvua. Miaka imepita, na siku hizi nikiwa safarini peke yangu namsikiliza Zawose kwa hiari yangu, tena natafuta mwenyewe.

Kwa ambao hamumjui (na msione aibu, hata mimi sikumjua hadi nilipoingia chuo kikuu, jambo ambalo lenyewe ni sehemu ya hoja yangu), Hukwe Ubi Zawose alikuwa Mgogo, mtoto wa kijijini huko Dodoma, mchunga ng'ombe. Nyumbani kwao muziki ulikuwemo, na ufundi aliupata kwa baba yake. Alipiga ilimba, ile marimba ya vidole ambayo Wagogo huitengeneza kwa sanduku la mbao na vyuma vilivyopangwa juu yake. Alipiga zeze. Alivaa njuga, akaimba kwa sauti iliyoweza kushuka chini kama mtu anayeguna na papo hapo ikapanda juu nyembamba kama ya mtoto. Ukimsikia mara ya kwanza unadhani wako watu watatu.

Sasa, watu wa aina hiyo Ugogoni hawakuwa wachache. Wagogo ni watu wa muziki, ukienda Chamwino kwenye tamasha lao la muziki wa Cigogo utaona kijiji baada ya kijiji kinakuja na ngoma zake, na wanawake wanaopiga muheme kwa namna ambayo vijana wa jimu hawawezi kufuata. Kwa hiyo swali langu ni hili. Kwa nini tunalijua jina la Zawose na hatuyajui ya wale wengine wa rika lake?

Jibu rahisi ni kipaji. Sikatai, kipaji alikuwa nacho. Lakini kipaji ndicho alichokuwa nacho hata alipokuwa anachunga ng'ombe, na dunia haikumjua. Kilichobadilika ni kwamba mtu alimsikia akampa kazi. Mtu mwenyewe ni Mwalimu Nyerere, ambaye alimwalika aende Dar es Salaam aishi na kufanya kazi ya muziki. Hebu lisome tena neno hilo. Kazi. Hakualikwa kuja kutumbuiza wageni halafu apewe nauli ya kurudi.

Na hili halikutokea kwa bahati tu ya siku moja. Mwaka 1962 nchi ilipokuwa jamhuri, Mwalimu aliunda wizara iliyobeba utamaduni, na katika hotuba yake ya Desemba mwaka ule alilalamika kwamba wengi wetu walikuwa wamejifunza kucheza dansi za Kizungu huku wachache tu wakiweza kucheza, au hata kuwahi kuzisikia, Gombe Sugu, Mangala au Kiduo. Mwaka uliofuata, 1963, kikaundwa Kikundi cha Taifa cha Ngoma. Baadaye, mwaka 1981, kikaja Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu 2007 tunakiita TaSUBa. Zawose alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo pale. Alifundisha. Mchunga ng'ombe wa Dodoma akawa mwalimu wa chuo, na wanafunzi, Watanzania na wageni, walimfuata Bagamoyo.

Na Bagamoyo ndiko ukoo wake ulikohamia na kuzaana. Hapa ndipo hadithi inapokuwa tamu. Kwa kuwa mzee alikuwa na kazi, watoto walikulia kwenye muziki unaolisha nyumba. Nadhani hatulipi uzito jambo hili. Mtoto akiona ngoma inaleta unga, atajifunza ngoma. Akiona ngoma inaleta soda, atakwenda kuendesha bodaboda. Mjukuu wa yule mzee wangu wa Tunduma anabadilisha fedha mpakani, kwacha kwa shilingi, na ukimuuliza habari za nyimbo za babu yake anacheka. Simlaumu hata kidogo.

Tazama matokeo ya upande wa pili. Mwaka 1985 ikatoka albamu ya Tanzania Yetu. Mwaka 1996 ikaja Chibite, chini ya Real World, kampuni ya Mwingereza Peter Gabriel. Baadaye akafanya Assembly pamoja na mpiga gitaa Michael Brook. Mwaka 2002 yeye na mpwa wake Charles wakawa wanafungua maonyesho ya Peter Gabriel huko Marekani. Zawose alifariki tarehe 30 Desemba 2003, na kwa kawaida hadithi ya msanii wa asili wa Tanzania huishia hapo, na rambirambi za serikali. Ya kwake haikuisha. Mwanawe Msafiri Zawose akatoa albamu ya Uhamiaji mwaka 2017. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, wanaojiita The Zawose Queens, wakatoa albamu yao ya kwanza, Maisha.

Na hawa akina dada wana jambo jingine la kutufundisha. Kwa mila za muziki wa Kigogo, zeze na ilimba vilikuwa vya wanaume. Mwanamke aliimba, aliitikia, alipiga muheme. Pendo na Leah wamekaa miaka mingi nyuma ya jukwaa la wanaume wa ukoo wao, na sasa wako mbele, vyombo mkononi, nyimbo wametunga wenyewe. Wale wanaosema mila zikipewa mshahara zitakufa ganzi, waniambie hapa kimeganda nini. Mila imepata pumzi ikaanza kujibadilisha yenyewe, kutoka ndani.

Ila tusidanganyane, hadithi hii ina doa, na nisipolisema nitakuwa nawauzia maneno matamu. Angalieni hizo albamu nilizotaja zimetolewa na nani. Uingereza. Uingereza. Uingereza tena. Nyingine zilirekodiwa na kutolewa Japani. Vizazi vitatu vya ukoo mmoja wa Kitanzania, tena ukoo maarufu kuliko wote katika muziki wa asili nchini, na bado ili albamu itoke ni lazima aje mtu kutoka nje na maikrofoni yake. Mwenzangu aliyekuwa anafua Jumapili asubuhi alizipata nyimbo za Mgogo mwenzake kutoka kwenye mtandao wa Wazungu. Serikali ilimpa Zawose kazi na paa, hilo nawapa heko waliokuwepo wakati ule. Lakini sokoni, redioni, madukani kwetu, tulimwacha. Mtu alijaza viti Ulaya na Marekani huku kijana wa Tunduma hajui sura yake.

Doa la pili. Vikundi vya serikali vilikuwa na bei yake. Ngoma inayochezwa usiku kucha kijijini ilikatwa ikawa dakika chache za jukwaani, na nyimbo nyingi zikageuzwa kuwa za kusifu chama na viongozi. Mwimbaji wa kijijini ana kazi ya kusifu, lakini pia ana kazi ya kusema. Yule mzee wangu anaweza kukusema hadi ukaondoka harusini kabla ya wali. Ukimwajiri mtu huyo ukamwambia aimbe sifa tu, umenunua nusu yake. Kwa hiyo sisemi turudi miaka ya 1960 kama ilivyokuwa. Nasema tuchukue lile moja walilolifanya sawasawa, kwamba walimwona mwimbaji kama mtu mwenye fani, anayestahili kulipwa na kufundisha.

Katika kutafuta habari za Zawose kwenye intaneti nikaangukia pia habari za jamaa mmoja wa Azerbaijan, nchi ile iliyo kando ya Bahari ya Kaspi. Anaitwa Alim Qasimov, amezaliwa 1957. Anaimba mugham, muziki wao wa kale ambao mwimbaji anashika dufu, wenzake wanapiga vyombo vya nyuzi, na sehemu kubwa inatungwa palepale. Nikamsikiliza usiku ule nikacheka peke yangu, maana nilimsikia mzee wangu kabisa, tofauti ni lugha. Na kama ilivyo kwa Zawose, muziki umekaa nyumbani. Binti yake, Fargana, ameimba naye jukwaani miaka mingi, baba na mtoto wanarushiana sauti. Mwaka 1999 Qasimov alipewa tuzo ya muziki ya UNESCO, 2003 mugham yenyewe ikatambuliwa na UNESCO, na 2008 wakafungua jijini Baku jumba zima la muziki huo. Kwao mtoto anasomea mugham darasani, anapata cheti, anatoka kuwa mwimbaji kama mwingine anavyotoka kuwa daktari wa meno.

Najua mtakachosema. Azerbaijan wana mafuta bwana, sisi tuna nini? Haya, nawajibu mara mbili.

Kwanza, vukeni Mto Songwe tu pale Ileje, mko Malawi. Malawi hawana mafuta. Lakini Vimbuza, ngoma ya uganga ya Watumbuka wa kaskazini mwa nchi ile, ilitangazwa na UNESCO mwaka 2005 na ikaingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2008. Kuingia kwenye orodha hakujazi tumbo la mtu, najua. Lakini ili kitu kiorodheshwe ni lazima mtu akae akiandike: nani wanacheza, wapi, lini, wamejifunza kwa nani. Walikiandika. Sisi wa ng'ambo hii ya mto tumeandika nini kuhusu ngoma za Wanyamwanga, Wanyiha na Wandali? Mimi nimeandika sentensi moja. Burudani kutoka kikundi cha ngoma za asili.

Pili, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Tanganyika ya 1963 ilikuwa maskini kuliko Tanzania ya leo. Hakukuwa na barabara ya lami ya kufika hapa, hakukuwa na TAZARA, chuo kikuu kilikuwa ndiyo kwanza kimeanza. Lakini fedha ya kulipa wapiga ngoma ilionekana. Leo Tunduma ni mpaka ambao malori ya kwenda Zambia na Kongo yanapanga foleni usiku na mchana. Mkoa wetu wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una kahawa ya Mbozi, una mpaka, una ushuru. Halafu tunasema hakuna bajeti ya kumlipa mzee mmoja aliyekaa juani saa saba? Fedha ya nauli yangu ilitoka wapi?

Mtu mmoja ninayemheshimu, anafanya kazi kwenye mambo haya haya ya utamaduni, aliniambia kijana unakosea, siku hizi kuna mikopo. Ni kweli. Kuna Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania unaokopesha wasanii. Na kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Sasa tuangalie ile asilimia 10 inavyogawanywa. Nne ni za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Mzee mwanamume wa miaka 70 na ushee, mwenye miguu yake miwili na macho yake mawili, yuko wapi hapo? Hayupo. Na hata kama angekuwepo, hebu fikirini. Mkopo wa nini? Auze nini ili aurudishe? Zawose hakukopeshwa ili awe Zawose. Alipewa kazi akaifanya.

Msinielewe vibaya, simlaumu Bongo Fleva. Hiyo ni lawama ya uvivu. Vijana wa Bongo Fleva wametoka mitaani bila wizara wala chuo, wamejipigania, na mimi nawasikiliza. Wala siwalaumu Wazambia kwamba muziki wao unasikika Tunduma kuliko wetu. Ukiwa mpakani unasikia kinachopigwa. Cha kwetu hakipigwi kwa sababu hakijarekodiwa, na hakijarekodiwa kwa sababu tunadhani kitakuwepo tu daima, kama mlima. Mzee ana miaka 70 na zaidi jamani. Huyo si mlima.

Basi kwa kuwa kulalamika ni kazi rahisi, niseme ninachodhani kinawezekana hapa hapa mkoani, bila kusubiri Dodoma.

Moja. Kila ofisi inayoalika kikundi cha ngoma iwalipe kwa kiwango kile kile inachowapa waandishi nauli, na wao wasaini karatasi kama tunavyosaini. Kama bajeti haitoshi, na sisi tunywe soda. Nasema kwa dhati, mimi niko tayari, ingawa najua wenzangu wa kazi watanitafuta.

Mbili. Waalikwe kwa saa ya kweli. Mgeni akifika saa tisa, ngoma iitwe saa nane. Hili halihitaji shilingi hata moja.

Tatu. Mtaala mpya wa shule za msingi una somo la Utamaduni, Sanaa na Michezo. Mwalimu wa somo hilo Tunduma mara nyingi ni kijana aliyepangiwa kutoka mkoa mwingine, hajui neno la Kinyamwanga, na si kosa lake. Mzee yuko kilomita mbili kutoka shuleni. Alipwe saa mbili kwa wiki afundishe. Bagamoyo ndivyo walivyofanya kwa Zawose, hawakumuuliza cheti cha kidato cha nne.

Nne. Redio zetu za hapa mkoani zina vifaa. Zamani Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi ngoma za makabila na kuzirusha, na watu wakasikia sauti za kwao zikitoka kwenye boksi. Jumamosi moja kwa mwezi, maikrofoni mbili, chini ya mwembe. Pia kila mwenye simu nzuri anaweza. Ila ukirekodi, uliza jina, andika jina, na ukipata fedha umkumbuke mwenyewe.

Tano ni sisi waandishi. Tuandike majina. Mgeni rasmi tunamwandika na cheo chake, na shahada yake, na wakati mwingine hadi rangi ya suti. Aliyemwimbia awe na jina pia.

Baada ya yale ya sokoni nilikwenda kwa mzee nyumbani kwake. Nilikaa naye tangu saa nne hadi jua linazama. Alinieleza baba yake alivyomfundisha, kwamba alikuwa anamwamsha alfajiri na kumwambia aimbe majina ya watu wa ukoo hadi asikosee, ndipo ale. Aliimba. Mkewe aliitikia kutoka jikoni bila hata kutoka nje. Mjukuu wake, yule wa kubadilisha fedha, alirudi jioni akakaa kizingitini, akatoa simu, nikadhani anachati. Kumbe alikuwa anamrekodi babu yake.

Nikaandika makala nikaipeleka gazetini, na jina kamili la mzee nikaliweka kwenye sentensi ya kwanza. Makala ilitoka imepunguzwa hadi aya nne, na kwenye sentensi ya kwanza imeandikwa "mzee mmoja mkazi wa Tunduma". Sikufanya fujo. Nimeandika nyingine, nitaipeleka tena wiki ijayo, na wiki itakayofuata kama itabidi.

Mtajiuliza mbona hata hapa kwenye ukurasa wangu mwenyewe, ambako hakuna wa kunikata, sijamtaja. Nilimuuliza. Nikamwambia babu, nikuweke kwenye mtandao, watasoma hadi Dar es Salaam, hadi Ulaya. Akaniuliza kama mtandao unashikika. Nikamwambia haushikiki. Akasema basi subiri gazeti, mjukuu wangu, nataka karatasi nitakayoiweka sandukuni pamoja na njuga za baba.

Kwa hiyo nasubiri. Ila yeye ndiye mwenye miaka 70 na zaidi, si mimi, wala mhariri.

Alamsiki wadau. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.